Kuchagua programu ya ripoti za kanzidata: anzia kwenye karatasi, malizia kwenye kompyuta

“Kaka, programu gani nzuri ya kutoa ripoti?” Swali hili hunifikia karibu kila wiki. Mara nyingi anayeuliza ameshapakua programu nne, ameziunganisha zote na kanzidata (database) ya kazini kwa nywila ya msimamizi mkuu, na sasa amechanganyikiwa kuliko alipoanza. Nimechoka kujibu vipande vipande kwenye WhatsApp, kwa hiyo nimeandika yote hapa.

Programu nzuri huwezi kuijua kabla hujajua ripoti yako inaishia wapi. Ripoti inayochapwa, ikagongwa mhuri na kuingia kwenye faili ni kitu kimoja. Ripoti ambayo meneja anaifungua kwenye simu asubuhi huku anakunywa chai ni kitu kingine kabisa. Programu nyingi hufanya moja vizuri na nyingine kwa kulazimishwa. Karibu kila niliyemwona akijutia chaguo lake, alichukua programu ya kundi lisilo lake.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: SACCOS ya kubuni yenye matawi matatu, kanzidata ya MySQL, mfumo wa mikopo ulioandikwa na fundi wa hapahapa mjini, na mhasibu asiyeamini namba yoyote mpaka aione kwenye Excel. Kama wewe una duka la jumla, zahanati au shule, badilisha majina tu.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Jina na toleo la kanzidata. Kwenye MySQL na PostgreSQL, `SELECT VERSION();` itakuambia. Kwenye SQL Server ni `SELECT @@VERSION;`.
- Anwani ya seva na mlango (port) wake. Kwa kawaida MySQL hutumia 3306, PostgreSQL 5432, SQL Server 1433 na Oracle 1521.
- Ripoti tatu za zamani zilizochapwa, ambazo mhasibu anakubali kwamba namba zake ni sahihi. Usiruke hili. Bila ripoti ya kulinganishia utakuwa unabishana na kompyuta bila mwamuzi.
- Mtu mmoja anayejua majedwali yana maana gani. Safu inayoitwa `hali` yenye namba 1, 2, 3 na 9 haijielezi yenyewe, na hiyo 9 huwa na historia ndefu.
- SQL ya kuanzia, yaani lugha ya kuiuliza kanzidata maswali: SELECT, WHERE, JOIN na GROUP BY. Zinatosha.
- Kompyuta yenye RAM ya GB 8 au zaidi. Ukitaka kujaribu Power BI Desktop au Report Builder ya Microsoft, lazima iwe ya Windows.
- Ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye data. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019. Majina, namba za simu na madeni ya wanachama si vitu vya kuhamishia kwenye laptopu yako ukafanyie mazoezi nyumbani.

## Hatua ya 1: Orodhesha ripoti, sahau programu

Chukua karatasi ya kawaida na kalamu. Kwa kila ripoti andika nani anaisoma, mara ngapi, anaisoma wapi, ina mistari mingapi kwa kukadiria, na anaamua nini akishaisoma. Hilo la mwisho ndilo linalopunguza kazi. Ripoti ambayo hakuna anayeweza kusema inamsaidia kuamua nini huwa ilianzishwa na meneja aliyeshahama.

Kuna njia ya kihuni kidogo lakini inafanya kazi: acha kutuma ripoti unayoitilia shaka kwa wiki mbili, usimwambie mtu, usubiri simu. Ikipita kimya, ifute kwenye orodha. Usijaribu mchezo huu kwa ripoti za msimamizi wa serikali, za kodi au za mkaguzi, maana hao hawapigi simu, wanaandika barua.

## Hatua ya 2: Gawa orodha mafungu matatu

Fungu la karatasi. Taarifa ya akaunti ya mwanachama, ankara, hati ya mshahara, orodha ya wadaiwa inayokwenda kwenye kikao cha bodi. Hapa unahitaji kichwa kinachojirudia kila ukurasa, jumla ndogo kwa kila tawi, nafasi ya sahihi na ukubwa wa A4 usioyumba. Programu za fungu hili ni JasperReports, BIRT, SQL Server Reporting Services ambayo wengi huiita SSRS, na Crystal Reports.

Fungu la kioo. Dashibodi na chati, vitu vya kubofya na kuchimba: mikopo iliyotoka leo, tawi lipi linasuasua, mwezi huu dhidi ya mwezi uliopita. Hapa wako Metabase, Apache Superset, Power BI, Looker Studio na Tableau.

Fungu la Excel. Mhasibu akisema “nataka ripoti”, mara nyingi anamaanisha “nipe data niichezee mwenyewe”. Usimjengee dashibodi, hataifungua. Mwunganishie Power Query, iliyomo tayari ndani ya Excel ya Windows, awe anabofya kitufe cha kusasisha. Kumbuka tu kwamba karatasi moja ya Excel inabeba mistari 1,048,576 na haiongezi hata mmoja.

Kwa SACCOS yetu, taarifa za wanachama na orodha ya bodi ni karatasi, hali ya matawi ni kioo, na miamala ya mwezi ni Excel. Ofisi nyingi huwa na mafungu yote matatu. Si dhambi kuwa na programu mbili. Dhambi ni kulazimisha moja ifanye yote, halafu karani anapiga picha dashibodi na kuibandika kwenye Word ili ionekane kama ripoti. Hili nimeliona kwa macho yangu.

## Hatua ya 3: Tengeneza mtumiaji wa kusoma tu

Kabla hujaunganisha programu yoyote, fungua akaunti isiyoweza kuandika, kufuta wala kubadilisha kitu. Mimi hupenda kutenga kanzidata ndogo ya ripoti na kumruhusu msomaji aione hiyo tu:

```
CREATE DATABASE saccos_ripoti;
CREATE USER 'msomaji'@'192.168.1.20' IDENTIFIED BY 'weka_nywila_ndefu';
GRANT SELECT ON saccos_ripoti.* TO 'msomaji'@'192.168.1.20';
```

Hiyo 192.168.1.20 ni anwani ya mashine itakayoendesha programu ya ripoti. Usiweke alama ya `%` kwa uvivu, maana `%` ni sawa na kusema “yeyote, kutoka popote”.

Tahadhari: Usitumie `root` wala `sa`, akaunti za msimamizi mkuu za MySQL na SQL Server, hata kwa “kujaribu kidogo tu”. Metabase na Superset zina sehemu ya kuandika SQL moja kwa moja. Siku mtu atakapobandika amri ya DELETE pale, kitakachokuokoa ni ruhusa ya akaunti peke yake.

Jambo la pili la usalama ni muda. Ripoti nzito saa nne asubuhi, wakati makarani wako dirishani na foleni imefika mlangoni, inaweza kuufanya mfumo mzima ukwame. Ukiweza, weka seva ya pili inayonakili ile ya kwanza, na ripoti zisome huko. Ukishindwa, hata nakala rudufu ya usiku iliyorejeshwa kwenye mashine nyingine inafaa. Bodi haihitaji namba za dakika hii.

## Hatua ya 4: Andika kweri kwanza, na zikubaliane na karatasi

Kweri ni swali unaloiuliza kanzidata kwa SQL. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo watu hawataki kukaa, kwa sababu hakuna rangi wala chati. Programu ya ripoti haijui hesabu zako. Inachora kile ulichoiambia. Ukiipa uongo, itakupa uongo wenye chati nzuri.

Kosa linalotesa wanaoanza kuliko yote ni jumla kuvimba baada ya JOIN, yaani kuunganisha majedwali. Mwanachama amekopa shilingi 1,000,000. Amerejesha mara tatu, kila mara 100,000. Ana wadhamini wawili. Ukiunganisha mikopo, marejesho na wadhamini kwa pamoja, kila rejesho linaonekana mara mbili, moja kwa kila mdhamini, na unapata mistari sita. Jumla ya marejesho inasoma 600,000 badala ya 300,000, na mkopo wenyewe ukiujumlisha unakuwa milioni sita.

Mtu akiona hivyo hukimbilia `SUM(DISTINCT kiasi)`. Ijaribu kwenye mfano huohuo: marejesho matatu yanalingana, kwa hiyo DISTINCT inayahesabu kama moja na kukupa 100,000. Umetoka kwenye kosa la kuzidisha umeingia kwenye kosa la kupunguza. Dawa ni kujumlisha kwanza, kuunganisha baadaye. Hapa nimeihifadhi kama VIEW, yaani kweri yenye jina inayokaa kwenye kanzidata na kusomwa kama jedwali:

```
CREATE VIEW saccos_ripoti.mikopo AS
SELECT m.id, m.tawi, m.mwanachama_id, m.kiasi,
       COALESCE(r.jumla, 0) AS yaliyolipwa,
       m.kiasi - COALESCE(r.jumla, 0) AS salio
FROM saccos.mikopo m
LEFT JOIN (SELECT mkopo_id, SUM(kiasi) AS jumla
           FROM saccos.marejesho
           GROUP BY mkopo_id) r
  ON r.mkopo_id = m.id;
```

Nimeliacha pembeni suala la riba ili mfano usirefuke. Angalia neno LEFT. Ukiliondoa, mikopo ambayo haijalipwa hata shilingi itatoweka kwenye ripoti. Yaani wadaiwa sugu kuliko wote ndio watakaosalimika, na bodi itakupongeza kwa hali nzuri ya mikopo. MySQL ya chini ya toleo 5.7.7 itakataa VIEW yenye kweri ndani ya FROM. Hapo utatengeneza VIEW mbili.

Kwa nini VIEW, na si kuandika kweri ndani ya programu ya ripoti? Kwa sababu siku ukibadilisha programu, hesabu zako zinabaki kwenye kanzidata. Na kwa kawaida VIEW ya MySQL hutumia ruhusa za aliyeitengeneza, hivyo `msomaji` anaiona hiyo bila kuligusa jedwali lenye namba za NIDA na simu za watu.

Usiendelee mpaka kweri zako zilingane na zile ripoti tatu za mhasibu. Kulingana kwa shilingi, siyo “zinakaribiana”.

## Hatua ya 5: Punguza wagombea wabaki wawili

Chagua mmoja wa karatasi na mmoja wa kioo. Haya ndiyo ninayoyajua kuhusu kila mmoja, na upendeleo wangu sitauficha.

JasperReports. Ni maktaba ya Java iliyoanza mwaka 2001, ya bure na chanzo huria. Unachora ripoti kwa Jaspersoft Studio na inahifadhiwa kwenye faili la `.jrxml`. Kwa karatasi, hii ndiyo naipa nafasi ya kwanza kwa mtu asiye na bajeti: inapanga ukurasa kwa usahihi wa milimita na fundi anaweza kuiingiza ndani ya mfumo wenyewe, mwanachama akabonyeza kitufe akapata PDF. Itakutesa wiki mbili za kwanza. Dhana ya mikanda, yaani kichwa, mwili, mguu na mikanda ya makundi, haiingii akilini siku ya kwanza.

BIRT ya Eclipse ni ndugu yake, nayo ya bure. Kama mtu ofisini anaijua tayari, itumie. Kama hakuna, nenda Jasper.

SSRS. Ilitoka mwaka 2004 na ni nzuri sana, *ikiwa* tayari mna leseni ya SQL Server. Report Builder ni rahisi kuliko Studio ya Jasper. Angalia mambo mawili. Toleo la Express halina SQL Server Agent, kwa hiyo sahau kutuma ripoti kwa ratiba. Pia SSRS 2022 ndiyo ya mwisho: kuanzia SQL Server 2025 Microsoft wamehamishia kazi hiyo kwenye Power BI Report Server. SSRS 2022 itahudumiwa hadi 2033, kwa hiyo walio nayo wasikurupuke. Anayeanza leo ajue njia inaelekea wapi.

Crystal Reports. Ya zamani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, leo iko chini ya SAP. Ukirithi mfumo wenye mafaili ya `.rpt` mia moja yanayofanya kazi, yaache yafanye kazi. Kuanza nayo upya sikushauri.

Metabase. Kwa kioo, hapa ndipo ninapomwelekeza anayeanza. Unaiwasha kwa Docker (chombo kinachoendesha programu ndani ya kasha lake, yaani kontena) au faili moja la Java, unaifungua kwenye kivinjari kupitia mlango 3000, na meneja asiyejua SQL anaweza kuuliza swali kwa kubofya. Toleo la bure linatuma dashibodi kwa barua pepe kwa ratiba. Lisichokupa ni kumzuia meneja wa Tawi A asione mistari ya Tawi B ndani ya jedwali lilelile. Hilo ni la kulipia. Kwa matawi matatu unaweza kuzunguka kwa VIEW tatu, kwa matawi arobaini huwezi.

Apache Superset. Ilianzia Airbnb mwaka 2015, na mwaka 2021 ikawa mradi kamili wa Apache. Ni ya bure, chati ni nyingi, na kuzuia mistari kwa kila mtumiaji kumo bila malipo. Lakini inataka fundi. Kutuma ripoti kwa barua pepe tu kunahitaji uwashe huduma za pembeni kama Celery na kivinjari kinachojiendesha chenyewe. Kama “idara ya IT” ni wewe peke yako na unatengeneza printa pia, ipishe.

Power BI. Desktop ni bure na ni nzuri sana. Kugawana ndiko kwenye bei: leseni ya Pro ni dola 14 kwa mtumiaji kwa mwezi tangu Aprili 2025, na kwa kawaida anayetazama tu naye anaihitaji. Data inasasishwa hadi mara nane kwa siku kwa Pro. Kama kanzidata iko ofisini, lazima uweke lango la data (gateway) la Microsoft, programu inayopitisha data kutoka ofisini kwenda Power BI, kwenye mashine isiyozimwa.

Tahadhari: Power BI ina kitufe cha kuchapisha ripoti wazi kwenye wavuti. Watu hukibofya kukwepa leseni. Kiungo kile hakina nywila, yeyote aliyenacho anaona, na kinaweza kuokotwa na injini za utafutaji. Madeni ya wanachama hayapiti hapo.

Looker Studio, iliyoitwa Data Studio hadi 2022, ni ya Google na ni bure. Inapendeza kwa data iliyoko tayari mtandaoni. Kwa kanzidata ya ofisini inabidi ufungue mlango wa seva kwa anwani za Google kutoka nje. Kama hujui kuufungua kwa anwani hizo peke yake, usiufungue kabisa.

Tableau ni nzuri na ni ghali. Nimemaliza.

SACCOS yetu ikabaki na JasperReports kwa karatasi na Metabase kwa kioo.

## Hatua ya 6: Jaribu kwa ripoti ngumu kuliko zote

Wengi hujaribu kwa ripoti rahisi, wanafurahi, wanalipia, kisha wanakutana na ile ngumu. Geuza. Chukua ripoti inayowatoa watu jasho, kwa SACCOS ni orodha ya wadaiwa kwa tawi kwa umri wa deni, na uijenge mpaka mwisho. Kisha:

1. Ichape kwenye karatasi halisi ya A4, kurasa zote. Kichwa kinajirudia? Jumla ya tawi imebaki peke yake juu ya ukurasa mpya?
2. Weka jina refu kuliko yote mliyonayo. Linakatwa, linakunja, au linasukuma safu nyingine nje?
3. Badilisha tarehe, chagua mwezi usio na miamala. Inatoa ukurasa mtupu wenye maelezo, au kosa lisiloeleweka?
4. Ifungue kwa simu, kwa bando, siyo kwa Wi-Fi ya ofisi.
5. Zima umeme. Kweli, chomoa waya wa mashine ya majaribio, uurudishe. Huduma inaamka yenyewe? Kwa Docker, `--restart unless-stopped` ndiyo inayofanya kazi hiyo.
6. Mpe mhasibu akae nayo bila wewe kuwepo. Hesabu mara alizokupigia simu.

Siku tatu za jaribio hili zina thamani kuliko mwezi wa kutazama video za matangazo.

## Hatua ya 7: Piga hesabu ya miaka mitatu

Watumiaji kumi wa Power BI Pro ni dola 140 kwa mwezi, dola 5,040 kwa miaka mitatu, na shilingi ikishuka bei yako inapanda bila kukuuliza. Lakini “bure” nayo ina bili: seva, umeme wa akiba, na mshahara wa mtu anayejua kuitunza. Kama hakuna mtu huyo, Power BI inaweza kuwa nafuu. Kaa na mhasibu mpige hesabu hii pamoja. Akishiriki kuipiga hataipinga baadaye.

## Hatua ya 8: Weka rasmi

Metabase ikiwashwa kwa mara ya kwanza huhifadhi kumbukumbu zake, yaani dashibodi, maswali na watumiaji wako, kwenye kanzidata ndogo ya ndani inayoitwa H2. Hiyo ni ya majaribio. Hamishia kumbukumbu hizo PostgreSQL kabla watu hawajaanza kujenga, maana H2 huharibika kirahisi, na ukiiendesha ndani ya Docker bila kutenga hifadhi ya nje, kufuta kontena ni kufuta kila kitu.

Weka mafaili ya `.jrxml` au `.rdl` (ya SSRS) kwenye Git, chombo kinachotunza kila toleo la faili, au angalau folda inayoingia kwenye nakala rudufu. Ratiba ya kutuma ripoti ianze baada ya mfumo kufunga siku, siyo saa sita kamili usiku wakati ufungaji bado unaendelea. Na andika ukurasa mmoja: seva iko wapi, akaunti ya msomaji inaitwaje, nani ana nywila, ripoti ipi inategemea VIEW ipi.

## Mambo yakikwama

Mauzo au miamala ya siku haifanani na ya mfumo. Angalia saa. Seva nyingi huhifadhi muda wa UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele. Muamala wa simu uliofanywa kati ya saa sita na saa tisa usiku unahesabiwa wa jana. Kwenye MySQL: `CONVERT_TZ(muda, '+00:00', '+03:00')`, kisha ndiyo uchukue tarehe.

Siku ya mwisho ya mwezi ni ndogo kupita kiasi. Umeandika `BETWEEN '2025-06-01' AND '2025-06-30'` kwenye safu yenye saa ndani yake. Kanzidata inaisoma Juni 30 kama saa sita ya usiku inapoanza, na yote yaliyofuata siku hiyo yanabaki nje. Andika `muda >= '2025-06-01' AND muda < '2025-07-01'`.

PDF ina ukurasa mtupu baada ya kila ukurasa. Mwili wa ripoti umezidi upana. A4 ni sentimita 21. Ukiwa na pambizo za sentimita 2 kila upande, mwili usizidi 17. Hakikisha pia haukuachwa kwenye Letter, karatasi ya Kimarekani ambayo hata dukani kwetu huipati.

Inafanya kazi kwangu, kwenye seva herufi zimebadilika. Seva ya Linux haina fonti uliyotumia. Kwenye Jasper, ifungashe fonti pamoja na ripoti badala ya kutegemea ya mashine.

Draiva ya ODBC, ile inayoiunganisha Excel na kanzidata, “haipo” na umeshaiweka. Mara nyingi Excel ni ya biti 32 na draiva ni ya biti 64, au kinyume chake. Angalia kwenye sehemu ya akaunti ndani ya Excel, kisha weka draiva inayolingana.

Namba za NIDA zinaishia na sifuri tano kwenye Excel. NIDA ina tarakimu 20, Excel inatunza 15 za namba yoyote, zinazobaki inaziweka sifuri. Namba za simu nazo hupoteza sifuri ya mwanzo. Safu hizo ziingie kama maandishi tangu mwanzo. Ukishahifadhi faili, namba imekwenda, hairudi.

Metabase inaonyesha mistari 2,000 tu. Hicho ni kikomo cha kioo kwa data isiyojumlishwa. Pakua faili upate zaidi.

VIEW mpya haionekani na msomaji kwenye PostgreSQL. `GRANT SELECT ON ALL TABLES` inagusa yaliyopo siku hiyo. Kwa yajayo tumia `ALTER DEFAULT PRIVILEGES`.

Ripoti inachukua dakika kumi. Weka EXPLAIN mbele ya kweri yako, uone kanzidata inavyoitekeleza. Kama umeandika `WHERE YEAR(muda) = 2025`, faharasa (index) ya safu hiyo haitumiki na jedwali zima linasomwa. Tumia tarehe ya kuanzia na ya kuishia kama hapo juu. Kama faharasa haipo kabisa, mwombe mwenye mfumo aiongeze.

Power BI inashindwa kusasisha usiku, mchana inakubali. Nenda kaangalie lango la data limewekwa kwenye mashine gani. Ofisi moja tulihangaika siku mbili na nywila na mtandao, kumbe lilikuwa kwenye laptopu ya mhasibu, na saa kumi na moja jioni mhasibu huikunja, anaitia kwenye begi na kwenda nayo nyumbani.